Mshahara wa jumla: Tarakimu inayowakanganya wengi katika ripoti ya ushuru

MWALIMU, muuguzi au karani anayefanya kazi Migwani, Kaunti ya Kitui, hukatwa ushuru kila mwezi kabla ya mshahara kumfikia. Hata hivyo, sheria humtaka awasilishe ripoti ya mapato ya mwaka uliotangulia kufikia Juni 30. Anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia tano ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa.

Utata huanzia kwenye sehemu ya mshahara wa jumla. Wapo wanaojaza pesa zilizoingia benki, kwa kuwa ndizo wanazozijua. Mshahara wa jumla ni mshahara wa msingi pamoja na marupurupu, yakiwamo ya nyumba na usafiri, kabla ya senti yoyote kukatwa. Mkopo wa Sacco, hata ukimeza nusu ya malipo, haupunguzi tarakimu hiyo.

Tuseme karani wa shule ya kibinafsi ana mshahara wa jumla wa Sh50,000. Tangu Februari 2025, NSSF huchukua Sh3,000, bima ya afya ya SHIF Sh1,375 na ada ya nyumba Sh750. Makato hayo matatu, jumla Sh5,125, huondolewa kwanza chini ya mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutekelezwa Desemba 27, 2024. Kinachotozwa ushuru ni Sh44,875. Baada ya nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mlipa ushuru hupewa kwa mwezi, karani huyu hukatwa Sh5,845.85.

Akijaza Sh50,000 kwa kila mwezi na kusahau makato yale matatu, mtambo wa iTax utamwonyesha deni la Sh18,450 kwa mwaka. Akiacha wazi sehemu ya ushuru uliokwisha kukatwa, atadaiwa zaidi ya Sh70,000 alizokwisha kulipa! Naye anayejaza pesa za mkononi huonekana kana kwamba anaidai serikali, ilhali mamlaka ya ushuru, KRA, ina takwimu za mwajiri wake.

Kuzidisha hati ya mshahara ya Desemba mara 12 nako si salama, kwani nyongeza au malimbikizo huenda yalilipwa katikati ya mwaka. Tarakimu za kutumia ni zile za fomu ya P9, ambayo mwajiri hutoa baada ya mwaka kuisha.

Aliyekuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja anahitaji fomu mbili, na ajiandae kulipa: kama wote wawili walimpa nafuu, yeye anastahili moja tu, yaani Sh28,800 kwa mwaka.

Iwapo P9 inatofautiana na hati za kila mwezi, mwajiri ndiye anayepaswa kuirekebisha. Heri kumwendea Machi kuliko Juni 29.