Swali Lenye Muulizaji: Uhalisi na Ushiriki katika Somo la Kiingereza la Sekondari

Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967, ilhali shule za sekondari ziliendelea kutumia Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wengi wao aingiapo kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha ya takriban masomo yote kwa mara moja. Somo la Kiingereza ndilo linalotarajiwa kumvusha. Likishindwa, Historia na Baiolojia nazo huyumba. Ndiyo maana ukimya wa mwanafunzi katika somo hili si jambo dogo.

Ukimya huo aghalabu huhesabiwa kuwa ni uvivu au woga. Isimujamii yatoa maelezo mengine. Katika maisha ya kawaida, anayeuliza hutaka kujua, na anayejibu hutambua kwamba jibu lake lina kazi. Mwalimu anapoinua kalamu na kuuliza ni kitu gani, hana haja ya jibu. Wanafunzi huitikia kwa pamoja, kipindi huisha kwa utulivu, wala hapana aliyeaibika. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya Afrika Kusini, aliyaita mazungumzo ya aina hiyo, katika makala yake ya mwaka 1996, mazungumzo ya usalama: mwalimu na wanafunzi husetiriana, na upungufu wa kujifunza hufichika.

Dawa iliyozoeleka ni kuleta darasani maandishi ya Kiingereza yasiyotungwa kwa ajili ya shule, kama vile magazeti. Hata hivyo, H. G. Widdowson alionyesha mwaka 1978 kwamba uasilia ni sifa ya maandishi yenyewe, ilhali uhalisi ni uhusiano baina ya maandishi na msomaji wake. Gazeti la London ni maandishi asilia; lakini likimfikia kijana wa Shinyanga likiwa limefuatiwa na maswali kumi ya ufahamu, laweza kukosa uhalisi kabisa kwake.

Na tuchukue mfano wa kidato cha pili katika eneo la wakulima wa pamba. Mwalimu ananakili maelezo ya Kiingereza yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kuua wadudu. Chupa yenyewe haiingii darasani. Wanafunzi, katika vikundi, wanatafuta kipimo cha kuchanganyia, mavazi ya kujikinga na hatua za kuchukua dawa imwingiapo mtu machoni. Kisha wanaandika kwa Kiswahili maelezo ambayo mzazi ataweza kuyafuata, na kwa Kiingereza wanamwandikia mtengenezaji maswali ambayo maelezo hayo hayakuyajibu. Hapo tofauti baina ya sharti na ruhusa haibaki kuwa kanuni ya ubaoni tu, kwani anayeikosea aweza kumdhuru mzazi wake. Mabishano huzuka yenyewe, maana kila kikundi kina sababu ya kutaka kuwa sahihi. Kiswahili nacho hakiwi adui wa Kiingereza, bali kipimo cha kuelewa: asiyefahamu hawezi kufasiri.

Yaweza kupingwa kwamba madarasa yamejaa na mtihani wa taifa unasubiri. Pingamizi hili lina uzito. Lakini ufahamu na uandishi wa barua ni stadi zinazofundishwa kwa ajili ya mtihani huo huo, na mtaala wa mwaka 2005 ulikwisha kuelekeza kwamba ujifunzaji ujengwe juu ya ujuzi badala ya kukariri. Nakala moja ya maelezo kwa kila kikundi hutosha.

Ikubaliwe pia kwamba uhalisi hauchukui nafasi ya msamiati na sarufi. Mwanafunzi mwenye maneno machache hawezi kuyasoma maelezo ya dawa bila kuandaliwa, na maandalizi hayo ni kazi ya mwalimu. Linalobadilika ni sababu ya kujifunza maneno hayo: sasa kuna mtu nyumbani anayelisubiri jibu.