Korongo la Rusizi ni Darasa la Watoto Wetu

Mtoto wa Mururu akiulizwa ni nani aliyelichimba bonde lile refu la mto Rusizi, pengine atajibu kwamba ndivyo lilivyoumbwa. Jibu hilo si la kuchekwa. Mchimbaji yupo na hajaacha kazi, ila mtoto hajaonyeshwa. Hiyo ni kazi yetu, ndugu walimu na wazazi.

Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaiziba njia ile, ziwa likajaa, na mwisho likafurika upande wa kusini, palipo Cyangugu na Bukavu leo. Wataalamu wakadiria kuwa yapata miaka 10,000 imepita. Tangu hapo mto unateremka kutoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi. Mteremko mkali uko sehemu ya juu, kabla ya uwanda wa Bugarama, na huko ndiko mto ulikokata korongo. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Rusizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989.

Watoto wafundishwe kutenganisha kazi mbili. Ya kwanza ni jiwe kuchakaa papo hapo lilipo. Maji ya mvua hulilainisha, mizizi hupenya katika nyufa, na chuma kilichomo hushika kutu kama panga lililosahauliwa shambani. Ndiyo sababu mawe meusi ya volkano huzaa udongo mwekundu. Kazi ya pili ni mmomonyoko, yaani maji kuchukua kilichovunjika na kukipeleka mbali. Mto hukata kwenda chini. Mvua na mizizi hubomoa kando. Kwa hiyo korongo huwa pana juu kuliko chini.

Somo hili halihitaji vifaa vya kununua. Tia vipande vya matofali ya kuchoma na maji ndani ya kopo lenye kifuniko, watoto wakitikise kwa zamu mara 500. Wakimimina, wataona maji mekundu na vipande vilivyopoteza pembe zao. Hivyo ndivyo mawe ya mtoni yanavyosagana.

Pili, jaza udongo katika karai, ujenge ukuta wa udongo katikati, kisha mimina maji polepole upande mmoja. Maji yatapanda, yatapita mahali palipo chini zaidi, na hapo yatakata mfereji. Waulize watoto: ziwa letu liko wapi, na Rusizi iko wapi?

Tatu, inamisha masinia mawili, moja la udongo mtupu na jingine lenye majani yaliyoota. Nyunyiza maji sawasawa kwa kopo lililotobolewa. Maji yatokayo katika kila sinia yakusanywe kwenye glasi, watoto wayalinganishe wenyewe.

Huenda mwanachama akauliza, haya yanahusu nini chama cha wafanyakazi? Yanatuhusu sana. Mchuma chai wa Shagasha anaishi kwa udongo wa mteremko. Fundi wa umeme anajua matope yakijaa bwawani ni hasara. Na wote tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yalipoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Mtoto aliyeyaona masinia mawili ataelewa kwa nini tunachimba matuta siku ya umuganda, na kwa nini majani ya kingo hayang'olewi.

Tahadhari moja: darasa lisipelekwe ukingoni mwa korongo, hasa wakati wa mvua. Mfereji ulio nyuma ya shule unatosha. Watoto wachomeke kijiti penye ukingo wake, wapime kina kila juma kwa muda wa masika, na waandike hesabu zao daftarini.

Wazazi, msiyatupe makopo. Walimu wenzetu, masika yajayo anzeni na kijiti hicho kimoja. Mwisho wa majira watoto watakuwa na hesabu zao wenyewe za kuwaonyesha wazee wao mahali ambapo shamba linaondoka.