Nguvu ya Maandishi: Kipande, Sheria na Hati ya Ardhi Katika Kakamega

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii humwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu zake. Lakini historia ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, inaonyesha kwamba mali yaweza kupotea hata ikiwa imo daftarini, na pengine kwa sababu imo daftarini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maandishi ya serikali yalivyopata nguvu juu ya maisha ya watu wa sehemu hiyo, na jinsi lugha yenyewe ilivyobeba dalili za nguvu hizo. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa hati haumo katika karatasi wala wino, bali umo katika mamlaka ya yule awezaye kuiandika, kuibadilisha na kuifasiri.

MSAMIATI WA MAANDISHI

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Hati, waraka, karatasi na sahihi ni maneno yaliyotoka Kiarabu; cheti limetoka katika lugha za Bara Hindi. Neno sahihi linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa upande mmoja lina maana ya jambo lisilo na kosa; kwa upande wa pili ni jina la alama ambayo mtu huiandika kwa mkono wake kuthibitisha waraka. Hivyo basi, katika Kiswahili, kutia sahihi ni kama kulitia jambo usahihi. Msemaji hatengi kweli ya habari na alama iliyowekwa chini yake.

Misheni nazo zilichangia. Wamisheni wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika eneo hilo wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma hakukuwa ujuzi tu. Kulikuwa jina la kundi jipya la watu na la njia mpya ya kuishi. Kwa hiyo kitabu na waraka wa serikali viliwafikia watu karibu wakati mmoja, na vyote viwili vilidai kuaminiwa.

KIPANDE

Waraka wa kwanza wa serikali uliomgusa kila mwanamume ulikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka 16 alipaswa kuandikishwa, kupigwa alama za vidole, na kuchukua karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma, ambacho wengi walikivaa shingoni. Humo iliandikwa kabila lake, kazi yake, mshahara wake, na tarehe ya kuajiriwa na kuachishwa. Mwajiri asipotia sahihi yake ya kumwachilia, mfanyakazi aliyeondoka alihesabiwa mtoro na aliweza kushtakiwa.

Hapa tofauti ya wino na mamlaka inaonekana waziwazi. Aliyeubeba waraka hakuwa na ruhusa ya kuandika hata herufi moja ndani yake, na aliyeuandika hakulazimika kuubeba. Haishangazi kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Waafrika, katika Nyanza na katika nchi ya Wakikuyu, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sheria ya 1947 ilileta uandikishaji wa watu wa rangi zote, lakini neno halikufa. Hadi leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho chao cha taifa kipande.

NENO “MILELE”

Mwaka 1930 serikali ya koloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilitamka kwamba ardhi za hifadhi zimetengwa kwa manufaa ya makabila ya wenyeji milele. Ikiwa sehemu yoyote ingechukuliwa kwa mahitaji ya umma, ilipasa sehemu nyingine ya ukubwa uleule itolewe badala yake, na wenyeji waarifiwe kupitia baraza lao.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikagunduliwa karibu na Kakamega, na Wazungu wengi wakamiminika huko kuitafuta. Mnamo Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Ardhi ya kuchimbia madini sasa iliweza kutolewa katika hifadhi bila kufidiwa kwa ardhi nyingine, na bila kwanza kuwaarifu wenyeji kama ilivyoagizwa. Badala ya ardhi, palikuwa na fidia ya fedha. Milele iliyoandikwa mwaka 1930 ilidumu kwa muda usiofika miaka 3. Jambo hilo lilizusha lawama hata Uingereza kwenyewe, na Lugard, aliyekuwa mtawala wa kikoloni kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa waliolipinga. Uchimbaji katika mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952.

Funzo walilolipata wenyeji halikuwa kwamba maandishi ni uongo mtupu. Walijifunza kwamba ahadi iliyoandikwa na mmoja hufutwa na yuleyule mmoja. Ndiyo maana vyama vya miaka ya 1930 katika wilaya hiyo havikuyasusia maandishi, bali viliyashika na kuyageuza silaha: viliandika maombi na kuyapeleka kwa wakubwa wa serikali.

HATI YA ARDHI

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliweka msingi wa kuwapa Waafrika hati za kumiliki ardhi, na sheria ya ardhi iliyoandikishwa ikafuata mwaka 1963. Wengi waliipokea hati kwa matumaini, maana ni nani angetaka kurudi katika hali ya 1932? Lakini daftari lilileta tatizo jipya. Kwa mila za Kiluhya, baba humgawia mwanawe sehemu ya ardhi aoapo, na aliyetangulia huishika kwa ajili ya watakaofuata. Mashahidi wa haki hiyo ni wazee, mipaka na makaburi. Daftari halikuuliza makaburi. Liliuliza jina, na mara nyingi jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamume mmoja. Zaidi ya hayo, sheria ya 1963 ilikataza uandikishaji wa kwanza kusahihishwa, hata kama ulipatikana kwa hila.

Matokeo yalionekana katika kesi ya mwaka 1973, ambapo baba alitaka wanawe waondoke katika ardhi iliyoandikwa kwa jina lake. Mahakama Kuu ilikubali kwamba wana hao walikuwa na haki kwa mila za Kiluhya, lakini ikaamua kwamba haki hizo zilizimwa na uandikishaji. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, alieleza kwamba kuna matamshi yasiyoarifu jambo bali hulitenda. Hati ni ya aina hiyo. Haikusema tu kwamba ardhi ilikuwa ya baba. Iliifanya iwe yake peke yake.

Sheria mpya ya mwaka 2012 imelegeza ukali huo: hati iliyopatikana kwa njia haramu au ya ufisadi yaweza kubatilishwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki za kimila za jamaa zaweza kuifunga ardhi ijapokuwa hazikuandikwa daftarini.

HITIMISHO

Hata hivyo, mjane ambaye shamba lake limo katika jina la baba mkwe aliyekwisha kufariki bado ana safari ndefu: cheti cha kifo, barua ya chifu na kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Inafaa ikumbukwe kwamba barua ya chifu hutaja warithi kama wanavyojulikana na jamaa na wazee wa kijiji. Maana yake ni kwamba chini ya muhuri kuna ushahidi wa mdomo. Maandishi yanaegemea palepale yalipodai kupachukulia nafasi.

Wataalamu wa lugha wana wajibu hapa. Sheria hizi zilitungwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Wazo la mahakama la mwaka 2018 lina neno lake zamani katika Kiswahili, nalo ni amana: kitu alichowekewa mtu akitunze, si chake kukila. Iwapo hati ingesomwa kwa lugha hiyo, mwenye jina daftarini angejua tangu mwanzo kwamba ameandikwa kuwa mtunzaji, na mwana asiye na karatasi angejua la kudai.