Arthur Mitchell na Ngoma ya Ncha za Vidole

Nilikuwa barazani kwa ami yangu, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, nimefungua kitabu cha picha za wachezaji wa baleti. Ami akachungulia, akaguna. "Mwanamume mzima na suruali ya kumbana hivyo! Hii nayo ni kazi, mwanangu?" Nikamjibu, "Ami, huyu ni mtu mweusi." Akatafuta miwani yake. "Mweusi? Hebu lete."

Huyo pichani alikuwa Arthur Mitchell, na jioni ile nilimsimulia ami habari zake mpaka kahawa ikapoa.

Baleti, kwa asiyeijua, ni ngoma iliyokulia katika majumba ya wafalme wa Italia na Ufaransa. Mtoto huanza kunyoshwa viungo angali mdogo, na mwanamke akiiva husimama juu ya ncha za vidole vya miguu kama kwamba hana uzito. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa mali ya Wazungu. Walikuwapo wataalamu waliodai kwamba mwili wa mtu mweusi haukuumbwa kwa ngoma hiyo.

Mitchell alizaliwa mwaka 1934 Harlem, mtaa wa weusi mjini New York. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, baba hakuwa tena nyumbani, na kijana akalazimika kusaidia kulisha jamaa: akapiga watu viatu rangi, akauza magazeti, akasafisha bucha. Akaingia shule ya sekondari ya sanaa, akamaliza 1952, akapata msaada wa masomo katika shule ya baleti ya George Balanchine, bwana mwenye asili ya Georgia aliyetoka Urusi. Mwaka 1955 akachukuliwa na New York City Ballet, akawa mtu mweusi wa kwanza kupanda hadi daraja ya wachezaji wakuu wa kundi hilo.

Mwaka 1957 ndio ninaopenda kuusimulia. Mwezi Septemba wanafunzi tisa weusi wa mji wa Little Rock walihitaji ulinzi wa askari wenye bunduki ili waingie darasani pamoja na Wazungu. Miezi michache baadaye, mwaka ule ule, Balanchine akatoa ngoma iitwayo Agon, kwa muziki wa Stravinsky, akamweka Mitchell mbele ya watu amshike mkono na mguu Diana Adams, mwanamke wa Kizungu. Balanchine hakuficha kwamba tofauti ya rangi zile mbili aliikusudia. Lakini televisheni za biashara za Marekani hazikuthubutu kuonyesha sehemu ile ya wawili hao hadi 1968.

Aprili 1968, Martin Luther King akauawa. Mitchell wakati huo alikuwa na shughuli ya kuunda kundi la baleti nchini Brazil, na habari ilimkuta akiwa safarini kwenda huko. Akajiuliza kwa nini akajenge ugenini ilhali mtaa wake unaungua. Alikuwa na miaka 34, nguvu bado anazo, jina bado analo. Mwaka 1969, yeye na mwalimu wake wa zamani, Karel Shook, wakaanzisha Dance Theatre of Harlem. Watoto walianza 30. Haukupita muda mrefu wakafika 400.

Gereji moja iligeuzwa shule. Siku za joto milango iliachwa wazi, wapita njia wakasimama kutazama. Wavulana wa mtaani walipoona haya kuvaa zile suruali za kubana (ami alicheka sana hapa), Mitchell aliwaruhusu waje na jinzi zao walizozikata magotini. Wakaja. Sikuona hila ya mwalimu iliyo nyepesi na yenye akili kuliko hiyo.

Ipo na habari ya soksi ndefu. Desturi ya baleti ni soksi na viatu vya rangi ya waridi, yaani rangi ya ngozi ya Mzungu. Mmoja wa wachezaji wa mwanzo wa kundi hilo, Llanchie Stevenson, aliona kuwa miguu ya waridi chini ya mwili wa kahawia humkata mtu vipande viwili. Wazo lake likashika: kila mchezaji akavaa soksi na viatu vya rangi yake mwenyewe. Bibi huyo baadaye aliiacha ngoma, akasilimu, akaitwa Aminah Ahmad. Ami aliposikia hayo alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Kama ngoma ile yatufaa sisi au haitufai, masheikh wapo, mimi nasimulia juhudi ya mtu.

Mwaka 1984 kundi lilitoa Giselle, hadithi ya Kifaransa ya 1841, lakini Mitchell aliihamishia Louisiana, kwa weusi waliokuwa huru zama za utumwa. Humo heshima ya mtu hupimwa kwa idadi ya vizazi vilivyopita tangu jamaa yake watoke utumwani. Hili watu wa mwambao hatuhitaji kufasiriwa. Mwaka 1992 kundi likaenda Afrika Kusini, ubaguzi ukiwa haujazikwa bado, wakacheza Johannesburg na kufundisha watoto.

Sifa hazikulipa madeni. Mwaka 2004 kundi lilisimama kwa deni la zaidi ya dola milioni 2. Shule ndiyo iliyobaki. Lilirudi jukwaani 2012, likiongozwa na Virginia Johnson, mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo. Mitchell alikuwa mkali, wanafunzi wake wenyewe wasema hivyo, na nadhani ukali ule ulimgharimu marafiki.

Alifariki Septemba 19, 2018. Mwaka huo huo kiwanda kimoja mashuhuri cha London kikaanza kushona viatu vya baleti vya rangi ya kahawia. Kabla ya hapo mabinti weusi walikuwa wakinunua vya waridi, kisha huvipaka wenyewe, jozi baada ya jozi, kwa poda ya usoni.