Frezeze ya mukaba: tujue kusoma namba zake

Tukiona frezeze ya zamani tunauliza tu: "Iko na nguvu gani?" Hiyo haitoshi. Tutazame Bridgeport, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938. Kichwa chake cha aina ya J, chenye puli za ngazi, kiko na mbio 8, toka mizunguko 80 mpaka 2720 kwa dakika. Sababu gani 8? Puli iko na ngazi 4: mukaba peke yake unatoa mbio 4. Tukiingiza magurudumu ya meno yanayopunguza mbio, tunapata 4 ingine.

Kanuni ni hii: puli ndogo ikizungusha puli kubwa, mbio inapunguka. Motere ya mizunguko 1400, puli yake mm 60, puli ya juu mm 120: tunapata 700.

Basi tuchague mbio gani? Kwa kisu cha asye rapide, chuma laini hukatwa karibu metre 25 kwa dakika. Kisu cha mm 10 kiko na muzingo wa mm 31,4. Gawanya 25000 kwa 31,4: ni karibu 800. Kisu cha mm 20 ni nusu yake, 400. Mwenye kukiacha kwa 2720 anakiunguza, na kisu kilichoungua hakikati tena.

Neno la mwisho: mbele ya kuhamisha mukaba, zima motere, ngoja isimame kabisa. Mukaba mwingine utapatikana. Kidole kingine, hapana.