CHAWA WA KICHWANI: TUSIPAKE WATOTO MAFUTA YA TAA

Je, mwanao anajikuna kichwa mchana na usiku? Mkalishe juani. Mtenge nywele kwa vidole, utazame nyuma ya masikio na kisogoni. Chawa ni mdogo kama ufuta. Mayai yake ni meupe, yameganda kwenye unywele. Mba ukiipuliza huanguka. Yai la chawa halianguki.

Chawa huyu (siyo wale chawa wa mjini wanaosifia wakubwa!) hunywa damu. Haruki kama kiroboto, wala hana mabawa. Hutambaa tu, kichwa kikigusana na kichwa. Kule Tandale na Mbagala, jijini Dar es Salaam, familia nyingi zimepanga chumba kimoja. Watoto hulala pamoja, na shuleni hubanana kwenye dawati. Basi chawa amepata njia. Usimcheke mama mwenzako ukamwita mchafu. Hata mtoto anayeoga kila siku huambukizwa.

Hatari yenyewe ni hii: wako watu wanaopaka mtoto mafuta ya taa, au kumpulizia dawa ya mbu kichwani. Usithubutu! Mafuta ya taa huunguza ngozi. Mtoto akisogelea kibatari au jiko, kichwa kinaweza kushika moto. Na dawa ya mbu ni sumu, hasa kichwa kikiwa na vidonda vya kujikuna.

Njia rahisi ni kunyoa. Chawa hana pa kushika wala pa kutagia. Lakini wembe mmoja, kichwa kimoja. Kama binti hataki kunyolewa, fumua misuko, lowesha nywele, paka mafuta ya nazi. Kisha chana kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kuanzia kwenye ngozi. Pangusa kitana kwa kitambaa cheupe, uone unachokitoa.

Rudia kila baada ya siku 3, kwa wiki 2. Kwa nini? Yai huanguliwa kwa siku 7 hadi 10. Ukichana mara moja tu, umetoa wazazi, watoto wanakuja. Watazame wote nyumbani siku hiyo hiyo, bibi naye asiachwe. Jirani mwambie.

Ukiona mabaka ya duara yasiyo na nywele, hayo huenda ni mapunye. Kitana hakitasaidia. Mpeleke mtoto zahanati. Na huko huko ulizia dawa ya chawa, kama kuchana kumekushinda.