Kabla ya Kulipa Arubuni, Someni Ukaguzi wa Gari



Matawi kadhaa ya viwandani na mashambani yametuandikia yakitaka ushauri juu ya kununua gari la dizeli la forwili lililokwisha tumika. Haja yao tunaifahamu. Njia za mashamba ya chai huku Fort Portal wakati wa mvua hazipitiki kwa gari dogo, na mgonjwa hawezi kungoja mpaka njia ikauke. Lakini pesa za kununulia gari hilo ni michango ya wachuma chai na wafanyakazi wa mashine, kwa hiyo tunaona yafaa tueleze jambo moja ambalo sisi wenyewe tulilijua tumekwisha chelewa.

Mwaka 2021 tawi letu lilinunua gari la namna hiyo, la mwaka 2009, lililotoka Uingereza. Muuzaji alituonyesha mita: 68,000. Rangi ilikuwa inang'aa, viti safi, tukalipa. Miezi minne baadaye giaboksi ilikufa njiani usiku, tukiwa tumembeba mchuma chai aliyejeruhiwa mguu na mashine ya kuchumia. Ilitubidi kuomba trekta ya mwajiri, wiki ile ile tuliyokuwa naye mezani tukibishana juu ya mishahara. Mwajiri hakusema neno, wala hakuwa na haja ya kusema.

Baadaye kijana wa mwanachama mmoja alizichukua karatasi za kusafirishia gari, akaiona namba yake ya zamani ya Uingereza, akaiingiza katika simu. Katika ukaguzi wa mwisho kule, mita ilikuwa imesoma maili 131,000. Hizo ni zaidi ya kilomita 210,000. Habari hiyo ilikuwa wazi siku zote, tena bure.

Mambo yako hivi. Huko Uingereza gari la kawaida likitimiza miaka mitatu ni lazima likaguliwe, na baada ya hapo kila mwaka. Ukaguzi huo unaitwa MOT, herufi za jina la Wizara ya Uchukuzi iliyouanzisha mwaka 1960. Hufanywa na gereji zilizopewa ruhusa na serikali, na matokeo yake tangu 2005 yamewekwa katika kompyuta ya serikali. Mtu yeyote mwenye simu ya intaneti na namba ya gari anaweza kuufungua ukurasa huo wa serikali na kusoma. Kwa hiyo jambo la kwanza kumwomba muuzaji ni namba ya Uingereza. Akisema haijui, mwulizeni gari lilipitaje forodhani bila karatasi.

Kwanza linganisheni gari lenyewe na maandishi: rangi, aina ya mafuta, tarehe ya kuandikishwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo ina uzito, maana Uganda tangu 2018 imekataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na Kenya kikomo chake ni miaka 8.

Halafu fuateni mita mwaka hata mwaka. Gari lililotembea maili 10,000 au 12,000 kila mwaka ni la kawaida. Ikiwa mwaka mmoja lilisoma 96,000 na mwaka uliofuata 61,000, basi kuna mkono uliopita hapo. Lakini tahadharini msimwonee mtu: mita za Uingereza huhesabu maili, na maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000. Wako wauzaji wanaoitaja hesabu ya maili na kuwaacha ninyi mdhani ni kilomita. Huo si uongo wa mdomo, ila hasara yake ni ile ile.

Sasa makosa. Tangu Mei 2018 wakaguzi huyagawa: ya hatari, makubwa, madogo, na mwisho ushauri. Gari lenye kosa la hatari au kubwa huanguka. Ushauri haulizuii gari kupita, na hapo ndipo sisi tunasoma kwa makini zaidi. Mkaguzi akiandika mwaka huu kwamba bushi za mbele zimechakaa, mwaka ujao akaandika hivyo hivyo, na mwaka wa tatu tena, mnajua mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani. Aliyeacha bushi hakubadilisha oili kwa wakati.

Kutu ni ugonjwa wa kwao. Wakati wa baridi kali humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kutoka chini, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Mkiona neno la kutu linarudi kila mwaka, kisha likatoweka ghafla, ingieni uvunguni na tochi. Huenda chuma kimechomelewa vizuri, huenda kimepakwa lami tu.

Kwa dizeli kuna habari ya moshi. Magari ya miaka hii yana chujio la masizi ndani ya ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto, gari likienda mwendo wa kasi kwa muda. Gari la shambani, linalojikokota kutoka kambi hadi kambi, halipati joto hilo, na chujio huziba. Wengine hulikata na kulitupa. Huko Uingereza, tangu 2014 gari lililotengenezwa na chujio likikutwa halina huanguka, na tangu 2018 gari lenye chujio likionyesha moshi wowote wa kuonekana kwa macho huanguka pia. Gari lililoanguka kwa moshi mara mbili tatu si la kununuliwa na tawi.

Mwaka uliorukwa uulizwe sababu. Lakini mwaka 2020, kwa ajili ya korona, magari mengi yaliongezewa miezi sita, basi pengo la mwaka huo si ushahidi.

Na sasa upungufu wake, maana tusije tukalaumiwa. Ukaguzi huo hauangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Hautaji ajali, wala kama gari liliibwa au lina deni. Fundi wenu bado anahitajika, yule mnayemlipa ninyi, siyo anayeletwa na muuzaji. Magari mengi ya huku hutoka Japani, na kwa hayo ukurasa huu hautawafaa kitu.

Maandishi yote ni Kiingereza. Tafuteni kijana aliyesoma, asome kwa sauti mbele ya kamati nzima, na katibu aandike. Msimwachie dalali asome.

Sisi sasa tumeletewa gari jingine, la mwaka 2014. Namba tumepewa, tumesoma: mita inapanda vizuri, kutu ipo kidogo, na ukaguzi wa 2022 haumo. Dalali tumemwuliza gari lilikuwa wapi mwaka ule. Hajajibu bado, na arubuni iko kwa mweka hazina.